Jumapili ya Wanga

Wali wa Mama Wali haukuwa na mchezo. Kwenye kantini ya kiwanda cha maboksi, alikopika miaka nenda rudi, wafanyakazi waliacha mashine zinanguruma wakakimbilia foleni mara tu waliposikia mfuniko unafunuliwa. Punje imesimama, haijashikana na mwenzake, haina maji, haina mawe. Sufuria lake mtoto angeweza kuoga humo, na bado ukoko ulitoka chini mzima, mwekundu, unalia ukigongwa na kijiko. Shangazi yake ndiye aliyemfundisha kupalia makaa juu ya mfuniko, mwanamke mkali ambaye kila wali ulipotota alimchapa mkononi kwa mwiko. Mama Wali akakua akiamini kwamba duniani kuna watu wa aina mbili: wanaojua kupika wali, na wanaopika uji wa mchele halafu wakauita wali bila aibu.

Alikuwa mwanamke wa mwili na wa mdomo. Msimamizi wa kiwanda mwenyewe alichukua sahani yake kimya kimya, akijua akileta maneno atajibiwa mbele za watu.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, na kwa maneno alikuwa kinyume chake kabisa. Walikutana siku alipokuja kiwandani kuwapima watu ovaroli. Akapewa chakula kantini, akala, akarudi kesho yake eti amesahau kupima mabega ya watu wawili. Siku iliyofuata akarudi tena, mabega yakiwa yamekwisha kiwandani kote, akaketi tu. "Wewe umekuja kupima nini leo?" Mama Wali akamuuliza. "Njaa," akasema. Walioana kabla hizo ovaroli hazijaanza kufumuka.

Tangu hapo, Fundi alikuwa na neno moja tu la mapenzi. Anamaliza sahani, anaisogeza kwa mkewe, anasema, "Ongeza." Hakuwa mtu wa kusifia nywele wala kununua kanga. Mama Wali hakulalamika. Alilisikia neno lile kila siku, na wanawake wengine aliowajua hawakusikia hata hilo.

Ugonjwa wa sukari Fundi aliishi nao kama mtu anavyoishi na mpangaji mkorofi. Anameza vidonge vyake asubuhi, ananung'unika kidogo, maisha yanakwenda. Kisha miguu ikaanza kufa ganzi. Alisema anajisikia kama amevaa soksi na hajavaa. "Si bora," mkewe akamwambia, "tumeokoa soksi." Wakacheka wote wawili.

Siku moja alikuwa sebuleni, ndimo ilimokuwa karakana yake, anashona sare za shule. Pasi yake ya mkaa aliiweka sakafuni kando ya mguu wa kulia, ule wa kukanyagia cherehani, kama alivyofanya maisha yake yote. Mfuniko wa pasi ulikuwa haujashika vizuri, kaa moja likadondoka. Fundi akasikia harufu ya kuungua. Akasimamisha cherehani, akakagua kitambaa juu, chini, kwenye pindo. Kizima. Akainuka, akazinusa nguo zilizotundikwa ukutani moja moja. Mama Wali aliporudi kazini alimkuta dirishani ameshika suruali ya mteja, anaigeuzageuza kwenye mwanga.

"Kuna kitu kinaungua humu ndani," Fundi akasema, "nimekitafuta, sijakiona."

Mama Wali akatazama chini. Kaa lilikuwa limenasa baina ya ndala na kidole kidogo cha mguu, limetulia kama liko kwao.

"Fundi! Mguu!"

"Mguu gani?"

Ndivyo walivyojikuta kwenye kliniki ya sukari, kwa nesi mwembamba ambaye utani aliuacha getini. Alikifungua kidonda, akakitazama, akakifunga upya. Halafu akavuta kiti akaketi mbele yao.

"Mzee, nikwambie bila kuzunguka. Sukari ikiwa juu, kidonda hakifungi. Kikifunga, mguu ni wako. Kisipofunga kitakwenda ndani, na daktari atakata. Ataanza na vidole."

"Ataanza?" akauliza Fundi.

"Ataanza. Kwa hiyo tunaondoa wanga. Wengine wanaita keto. Wali hakuna, mkate hakuna, viazi hakuna, mahindi hakuna, sukari usiniulize. Kula mayai, samaki, nyama, mboga za majani, parachichi. Na vidonge daktari anavipunguza, kwa sababu ukiacha wanga halafu vidonge vikabaki vilevile, sukari itashuka mno utaanguka barabarani. Usijiamulie mwenyewe kitu. Kila Alhamisi uje nikupime."

"Hata wali kidogo?" akauliza Mama Wali.

"Hata."

"Wa kijiko kimoja?"

"Mama, kijiko huwa hakiji peke yake."

Mdogo wake Fundi aliposikia habari hizo alicheka mpaka akashika ukuta. Huyu shemeji alikuwa muuza vipuri vya magari, watu wakimwita Profesa kwa sababu simu haikumtoka mkononi na hakukuwa na jambo asilolijua. "Kumbe kaka una wanga ndani ya nyumba! Na tumekula nao sahani moja miaka yote hii, wala hawakuturoga hata siku moja!" Fundi akatabasamu. Mama Wali hakucheka. Alikuwa anatazama debe lake la mchele.

Chakula kile kilifanya kazi, hilo lisemwe. Wiki zikaenda, vipimo vya Alhamisi vikashuka. Kidonda kikaanza kusinyaa, kingo zake zikawa na rangi ya ngozi ya mtoto. Fundi akapungua, akawa anajipunguzia suruali mwenyewe kwenye cherehani yake. Nesi, aliyekuwa hana tabasamu la kumpa mtu, akasema, "Endeleeni hivi hivi."

Mwanamke mwingine angepiga vigelegele. Mama Wali alikuwa kama mtu aliyefukuzwa kazi nyumbani kwake. Alikaanga mayai, akachemsha mboga, akaweka samaki mezani, vitu ambavyo kwake havikuwa mapishi, vilikuwa kupasha moto. Fundi alikula haraka, akasema ahsante, akarudi kwenye cherehani. Ahsante! Kama mgeni. Sahani haikusogezwa tena. Wali wake mwenyewe Mama Wali alipika kwenye kisufuria kidogo, akaula jikoni amesimama, mlango umerudishwa, kama mwizi. Wakati mwingine hakuumaliza. Kantini wakaanza kumkwepa. Mpasua kuni alitukanwa kwa sababu ya kuni mbichi, na kuni zilikuwa kavu.

"Mama Wali, una nini?" mwenzake wa kukata mboga akamuuliza.

"Nina mume anayekula majani."

"Si anapona?"

"Anapona," akasema, akageuka kutazama moto.

Ndipo Profesa akaja, mchana mmoja wa Jumamosi, simu mbele kama tochi.

"Shemeji, mnateseka bure ninyi. Hawa watu wa keto wenyewe, wenye keto yao, wana siku ya wanga. Siku moja kwa wiki wanakula wanga mpaka wanalegea, halafu wanarudi. Wanasema mwili ukizoea sana unalala. Ukiupiga wanga siku moja, unashtuka, unaamka, unachapa kazi. Tazama."

Mama Wali akatazama. Kijana kifua wazi, tumbo limekatwa mistari kama ubao wa kufulia, ameshika bakuli la wali linalomzidi kichwa.

"Huyu ana sukari?"

"Hana. Ana nguvu."

"Mume wangu ana sukari."

"Shemeji, mwili ni mwili. Kwani ndani ya huyu kuna nini, misumari? Utumbo ni uleule."

"Nesi hakusema hivyo," Fundi akasema kutoka kwenye cherehani, bila kuinua kichwa.

"Nesi! Nesi ana miaka mingapi? Hao wanasoma vitabu vya zamani, kaka. Mambo yanabadilika kila siku, huku ndiko yanakobadilikia." Akaipiga simu yake kofi.

Mama Wali alikuwa amekwisha kuketi. "Jumapili tu," akasema, na sauti yake ikatoka ndogo, sauti ambayo kantini hawakuwahi kuisikia. "Siku nyingine zote tunafuata. Tena nitauchuja. Nitauosha mpaka maji yatoke safi kabisa."

Fundi akainua kichwa. Akamtazama mkewe kitambo, namna alivyomtazama mteja anayetaka gauni limbane kuliko mwili wake unavyoruhusu.

"Haya," akasema. "Jumapili."

Alfajiri ya Jumapili ile Mama Wali alikuwa macho kabla ya majogoo. Aliloweka mchele, akauosha, akamwaga, akauosha tena. Akauchemsha kwenye maji mengi, akauchuja, na yale maji mazito meupe akayamwaga mtaroni huku akiyasindikiza kwa macho. Wanga ule pale, alijiambia, unakwenda zake. Ni mpishi tu ndiye angeweza kujidanganya vizuri hivyo. Mtu asiyejua jiko angeogopa. Yeye aliyejua kila kitu kuhusu mchele isipokuwa kilichomo ndani yake, hakuogopa hata kidogo. Kisha akaurudisha jikoni, akaupalia.

Fundi akala. Akasogeza sahani. "Ongeza."

Mama Wali alijifanya ana moshi machoni, na hapakuwa na moshi.

Mchana ule Fundi alisinzia kitini mpaka jua likageuka, akiamka kunywa maji tu, kopo baada ya kopo. Jumatatu asubuhi uzi ulikosa tundu la sindano mara kadhaa. "Uzee," mkewe akasema, akamtungia yeye. Alhamisi wakaenda kliniki, kipimo kikatoka kizuri. Kilitoka kizuri kwa sababu tangu Jumapili mpaka Alhamisi mwili ulipata nafasi ya kujikusanya, lakini Mama Wali hakuhesabu hivyo. Aliona wali umekaguliwa, ukapita.

Basi nyumba ikawa na siku yake. Jumatatu mpaka Jumamosi waliishi kama watu wanaosubiri basi, Jumapili basi linafika. Mama Wali akaanza tena kuimba kantini. Mpasua kuni akaombwa radhi, jambo ambalo lilimtisha kuliko matusi.

Na mambo ya namna hiyo hayakai palepale ulipoyaweka. Jumapili moja wali ulibaki. Utupwe? Kiporo cha Jumatatu kikahesabiwa ni Jumapili ileile, imechelewa tu. Halafu ukaja ukoko. Ukoko Mama Wali aliuleta kutoka kantini siku za katikati ya wiki, umefungwa kwenye kitambaa safi.

"Ukoko si wali," alisema. "Ukoko umekwisha ungua. Wanga wake umefia motoni."

Fundi akautafuna, taratibu, bila kusema ongeza wala hapana.

Profesa alipopita akaona, akapiga makofi. "Si niliwaambia? Kaka sasa hivi ananawiri!" Fundi hakuwa ananawiri. Alikuwa amevimba uso kidogo, na aliamka kwenda haja ndogo mara nyingi mno, lakini mtu mwenye simu anaona anachotaka kuona.

Kidonda kikaacha kusinyaa. Hakikukua, ila kilisimama, kingo zile laini zikawa ngumu na rangi ya majivu. Nesi akakunja uso Alhamisi moja, akakunja tena Alhamisi iliyofuata.

"Imepanda kidogo. Mnafuata?"

"Tunafuata," Mama Wali akasema upesi.

"Mzee?"

"Tunafuata," Fundi akasema.

Kisha nesi akawa na safari ya mafunzo, akawaambia wiki hiyo waje Jumatatu badala ya Alhamisi. Mama Wali aliitikia, akatoka, na alipofika barabarani ndipo alipohesabu siku: Jumatatu inaifuata Jumapili. Angeweza kuiacha Jumapili hiyo moja. Alifikiria kuiacha, tena njia nzima. Lakini Profesa alikuwa anakuja kula, mchele ulikuwa mpya, na yeye alikuwa na wiki mbaya kazini. Akapika.

Jumatatu nesi akamchoma Fundi kidole, akaweka damu kwenye kijikaratasi, akasubiri. Akatazama mashine. Akamnawisha mkono kwa sabuni, akamfuta, akamchoma kidole kingine. Akatazama tena.

"Jana mlikula nini?"

"Mayai," Fundi akasema.

"Mayai tu?"

"Na mboga."

Nesi akamgeukia Mama Wali. Mama Wali alikuwa anasoma bango ukutani, na bango lenyewe lilikuwa la chanjo za watoto.

Nesi akainama akafungua bandeji. Harufu ilitoka kabla kitambaa hakijaisha, na mpishi anaijua harufu ya kitu kilichokwisha haribika. Kidole kidogo kilikuwa cheusi kama kitako cha sufuria, na jirani yake alikuwa anamfuata. Siku hiyohiyo Fundi akalazwa.

Daktari wa upasuaji alikuwa mtu mzima, mwenye macho ya kuchoka, aliyepita wodini na kundi la madaktari wanafunzi nyuma yake. Akasoma, akatazama mguu, akasimama miguuni pa kitanda.

"Mzee, kidonda hiki kilikuwa kinapona. Kumetokea nini? Nyumbani anapika nani?"

"Mke wangu."

"Mama, unampikia nini huyu?"

Mama Wali alifungua mdomo. Kabla neno halijapanda, Fundi akasema:

"Huyu ananipikia kama tulivyoambiwa. Ni mimi, daktari. Akienda kazini mimi naagiza mikate. Mikate, soda. Yeye hajui."

"Mikate," daktari akarudia.

"Tamaa," Fundi akasema.

Daktari akamsema. Alimsema kwa kirefu, mbele ya wanafunzi wake na wodi nzima, kwamba mtu mzima na mvi zake anadanganya wauguzi, anaiba mikate kama mtoto, anapoteza mguu kwa ajili ya kinywa. Kitanda cha pili mtu mmoja akaguna, "Wazee wengine bwana." Fundi alikuwa anaitikia kila kituo: ndiyo daktari, ndiyo daktari. Mama Wali alikuwa amesimama kando na chupa ya chai mkononi. Mdomo ule uliowanyamazisha wasimamizi na madereva, siku hiyo ulifungwa kama mfuko wa saruji. Daktari akapita kitanda kingine, na nafasi ikapita naye.

Wakakata vidole viwili.

Profesa alikuja kumwona kaka yake, akamkuta Mama Wali kwenye benchi la nje.

"Shemeji, pole sana. Mimi nilisema tu vile nilivyosoma."

"Ulisema tu," Mama Wali akasema. "Na mimi nilipika tu. Na yeye alikula tu. Hakuna aliyefanya kitu, shemeji. Vidole vimejikata vyenyewe."

Profesa akaweka simu mfukoni. Aliketi pale kidogo, kisha akaondoka bila kuingia wodini.

Siku ya tatu Fundi alipopata nguvu ya kuegemea mto, Mama Wali alimletea mayai ya kuchemsha. Ilikuwa saa ya kuona wagonjwa, wodi imejaa watu na mifuko.

"Kwa nini ulimwambia daktari vile?" akauliza, huku akimenya yai.

"Vipi?"

"Habari ya mikate."

"Ulitaka nimwambieje? Wodi nzima imetega masikio. Kesho ungeingiaje humu?"

Mama Wali akamenya. "Lakini ulikuwa na hamu, Fundi. Usiniambie hukuwa na hamu. Mimi nilikuwa nakuona. Ulikuwa unasogeza sahani mwenyewe."

Fundi akatazama dari.

"Hamu iliisha," akasema. "Mwanzoni nilikuwa naota wali, kweli. Halafu ikaisha tu, kama mafua."

"Iliisha lini?"

"Kabla ya hizo Jumapili."

"Sasa ulikuwa unakula nini, kama hamu huna?"

"Ulikuwa umeamka mapema kuupika."

Mama Wali aliendelea kumenya yai, na ganda lilikuwa limekwisha. Alikuwa anachuna nyama ya yai, vipande vyeupe vinamwangukia gaunini. Fundi akanyoosha mkono akamnyang'anya taratibu, akala kilichobaki.

Hakukuwa na ugomvi. Ungekuwa ugomvi Mama Wali angeshinda, hakuna aliyemweza kwa hilo. Alitembea mpaka nyumbani siku hiyo akijiuliza jambo moja: zile Jumapili zote, aliyekuwa akilishwa alikuwa nani? Kantini akaendelea kupika, maana kazi ni kazi. Wali ukatoka vilevile, punje imesimama. Watu wakausifu, na sifa zile zikampita kama anasifiwa mtu mwingine aliyesimama nyuma yake.

Fundi alirudi nyumbani na kiatu kikubwa cha kitambaa alichokishona mwenyewe, kitandani hospitalini, kwa mkono. Alijaribu kukanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto. Mshono ukawa unakwenda kombo, anafumua, anarudia. Wateja wa sare wakaenda kwingine bila kugombana naye, jambo ambalo ni baya kuliko kugombana. Jumapili zikawa siku kama siku. Mama Wali alikula alichokula mumewe, samaki na mboga, meza moja. Hawakuwa na mengi ya kusema. Mara moja Fundi alisema, "Wewe kula wali wako, mama. Huna sukari wewe." Mama Wali akasema, "Najua," na hakuupika.

Alichofanya ni mguu. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alimketisha Fundi mlangoni kwenye mwanga, akauweka ule mguu mapajani mwake, akaukagua kama anavyochambua mchele: kisigino, unyayo, baina ya vidole, kidole kwa kidole. Kwa kuwa mwenyewe hakusikia kitu, ilibidi awepo wa kuona kwa niaba yake.

Asubuhi moja akakaa na kidole cha tatu mkononi muda mrefu kuliko kawaida.

"Kuna nini?" Fundi akauliza.

"Kina rangi."

"Rangi gani?"

"Siipendi."

"Alhamisi si kesho kutwa? Tutamwonyesha."

Zamani Mama Wali angekubali, kwa sababu kesho kutwa ni mbali na mtu anapenda vitu viwe mbali. Akamvalisha kiatu. "Tunakwenda leo. Kantini watakula mkate."

Kliniki ilikuwa imefurika. Walipoingia, Mama Wali hakuketi.

"Nesi, kabla hujatazama. Mikate ile aliyomwambia daktari haikuwapo. Wali nilikuwa nampa mimi. Kila Jumapili, na kiporo Jumatatu, na ukoko katikati ya wiki. Tulisikia kwamba watu wa keto wana siku ya wanga."

"Mama Wali," Fundi akasema.

"Niache niseme."

Nesi hakushangaa, na hilo lilimchoma Mama Wali kuliko kama angeshangaa.

"Ipo," nesi akasema. "Wapo wanaofanya hivyo. Vijana wa mazoezi, hawana ugonjwa, na hata wao hawakubaliani kama inasaidia. Huyu tulimpunguzia vidonge kwa sababu tulimwondolea wanga. Ninyi mkamrudishia wanga, vidonge vikabaki vichache. Siku hiyo mwili wake haukuwa na mtu wa kuusaidia. Na kidonda hakijui Jumapili."

"Lakini niliuchuja. Niliosha mpaka maji yakatoka safi kabisa."

"Mama, yale maji ni vumbi la juu tu. Wanga ni punje yenyewe. Ungeuchuja wanga wote, ungebaki na sufuria tupu."

"Na ukoko?" Sauti ya Mama Wali ilikuwa imeshuka. "Ukoko si umeungua?"

"Ukoko ni wali, mama."

Nje foleni ilikuwa inanung'unika. Nesi akavaa glavu. "Mzee, vua kiatu."

Fundi akavua. Nesi akainama, akaitoa bandeji, akakibonyeza kidole, akakigeuza, akakinusa, akakaa ameinama mpaka Fundi akaanza kumtazama mkewe. Kisha akainuka.

"Hiki kinaweza kupona," akasema. "Sijasema kitapona. Mmekiwahi, ila damu inayofika huku chini ni kidogo. Nitakisafisha, daktari atakiona leo, na nitataka kukiona tena."

"Lini?" Fundi akauliza.

"Kesho," akasema Mama Wali, kabla nesi hajafungua mdomo, akachutama sakafuni akaanza kuikunja bandeji ya zamani.